Shajara ya mradi: mchezo wa ubao kuhusu mji unaopigia debe kiwanda

Machi, wiki ya kwanza

Jina la muda ni Debe. Wachezaji ni wanne, kila mmoja na mji wake. Serikali kuu inatafuta mahali pa kujenga kiwanda cha jeshi, na kila mji unajipigia debe kupitia mbunge na maseneta wake. Kisa ninachokifuata ni cha kweli: Huntsville, kaskazini mwa jimbo la Alabama, Marekani, kuanzia 1941 hadi 1950. Katika kipindi hicho mji ulipata kiwanda, ukabaki na majengo matupu, ukanyang'anywa mradi wa pili na jirani, halafu ukaangukiwa na wa tatu uliouzidi wa kwanza kwa kila kitu. Mbunifu wa mchezo akikutana na kisa cha namna hii hapaswi kuuliza mara mbili.

Mji wa buluu ndio Huntsville. Mingine mitatu ni ya kubuni, haina majina, ina rangi tu: nyekundu, kijani na njano.

Kadi ya kuanzia ya mji wa buluu iko tayari. Wakazi 13,150 kwa sensa ya 1940. Viwanda vya nguo vyenye mishahara kiduchu, mashamba ya pamba kila upande. Na kadi moja ya mzaha ambayo siyo mzaha: Huntsville ulijitangaza kuwa mji mkuu wa dunia wa "watercress", yale majani ya saladi yanayoota kwenye maji ya chemchemi. Kadi hiyo ina thamani sifuri. Nimeiweka makusudi, nataka mchezaji aanze akijua anatafuta kiwanda akiwa na nini mkononi.

Machi, wiki ya pili

Kadi za eneo. Hapa kazi ilikwenda haraka kwa sababu jeshi la Marekani lilikuwa na vigezo vinavyoeleweka. Kwa viwanda vya silaha vya 1940 na 1941, Wizara ya Vita ilitaka maeneo ya ndani ya nchi, maili 200 hivi kutoka pwani na mipakani, yasifikiwe kirahisi na adui. Ilitaka reli, maji mengi, umeme mwingi, ardhi kubwa ya bei nafuu, na watu wanaotafuta kazi. Kwa upande wa silaha za kemikali kulikuwa na kituo kimoja kikubwa tu, Edgewood, jimbo la Maryland, karibu mno na bahari. Kwa hiyo cha pili kilipoidhinishwa, ramani yenyewe ilikuwa inaelekeza kidole ndani.

Huntsville walikuwa navyo karibu vyote. Mto Tennessee unapita kusini ya mji. Bwawa la Wheeler lilikamilika 1936, la Guntersville 1939, yote mawili ya TVA, lile shirika la umma la bonde la mto Tennessee. Umeme ulikuwepo.

Sasa hapa ndipo mchezo ulipoanza kunoga. Sheria iliyoanzisha TVA ya 1933 iliwasilishwa katika Baraza la Wawakilishi na Lister Hill wa Alabama. Mwaka 1941 Hill huyohuyo ni seneta, na anaupigania mji huohuo upewe kiwanda, hoja mojawapo ikiwa ni umeme wa mabwawa yale. Yaani sifa ya "asili" ya eneo ilikuwa imetengenezwa bungeni miaka minane kabla. Nimeongeza duru ya mwanzo, nimeiita Duru ya Mizizi: kabla tangazo la kiwanda halijatoka, wachezaji wanatumia vitufe vya ushawishi kununua bwawa, daraja au njia ya reli. Anayenunua bwawa hajui litamfaa kwa jambo gani. Analipia tu.

Machi, mwisho

Ubao umechorwa kwenye manila, kadi zimekatwa, mtu wa fotokopi amenipigia laminesheni seti ya kwanza kwa bei ya kirafiki.

Jaribio la kwanza tulicheza barazani kwa jirani. Tuliitana "Mheshimiwa" usiku kucha, na dada mmoja wa mji wa kijani alimwambia mwenzake, akimsogezea vitufe vyake chini ya meza, "Mheshimiwa, mkono mtupu haulambwi." Kicheko. Baada ya hapo kila mtu akawa anadai kadi ya rushwa iwepo.

Nimekataa, na sikukataa kwa sababu ya heshima. Kadi ya rushwa ingeua jambo ambalo mchezo upo kulionyesha, maana mambo mazito yote ya kisa hiki yalifanyika mchana kweupe na kwa mujibu wa kanuni. Wajumbe wa chama cha wafanyabiashara wa Huntsville hawakuhitaji bahasha. Walihitaji mtu aliyekaa kwenye kiti kinachofaa. John Sparkman alikuwa mbunge wa eneo hilo tangu 1937, naye alikuwa kwenye Kamati ya Masuala ya Kijeshi ya Baraza la Wawakilishi. Hill, kabla hajaenda Seneti, aliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati hiyohiyo. Maofisa wa jeshi wakitaka fedha za mwaka ujao wanapita mbele ya watu hawa. Hakuna haja ya kunong'ona.

Basi kadi za viti zimechukua nafasi ya kadi za rushwa. Kila mwakilishi ana kamati na ana miaka ya utumishi, na miaka ndiyo inayompandisha kuelekea uenyekiti. Ukimbadilisha mbunge wako kwa sababu ya hasira, mpya anaanzia sifuri.

Nimeandika pia, kwa herufi ndogo pembeni ya kadi ya miaka ya utumishi, jambo ambalo nisingependa lipite hivihivi. Wabunge wa majimbo ya kusini walikaa miaka mingi kwa sababu chama kilikuwa kimoja tu kwa vitendo, na kwa sababu katiba ya Alabama ya 1901, pamoja na kodi ya kura, iliwaondoa Waamerika weusi karibu wote kwenye daftari la wapiga kura. Ukongwe ule uliozaa nguvu ya kamati ulisimama juu ya hapo. Hill na Sparkman wote wawili walitia saini waraka wa wanasiasa wa kusini wa 1956 uliopinga watoto weusi na weupe kusoma shule moja. Mchezaji anayefurahia kiti cha kamati afurahie akijua.

Aprili, wiki ya kwanza

Tarehe 3 Julai 1941 gazeti la Huntsville Times lilitoa toleo maalumu: mji umepata kiwanda cha silaha za kemikali, gharama zaidi ya dola milioni 40. Kwa mji wa watu elfu kumi na tatu. Baadaye mwaka huohuo, kando yake kikaanza kujengwa kiwanda cha pili cha kujaza baruti kwenye makombora ya mizinga na mabomu, kikaitwa Redstone kwa sababu ya udongo mwekundu wa pale. Hii ni zamu ya shangwe kwenye mchezo na sikuona haja ya kuichezea sana. Anayeshinda anachukua kadi kubwa ya kiwanda na anapata vitufe vya ajira, vikiwemo vya wanawake, ambao waliajiriwa kwa wingi.

Kazi iliyonichukua muda ni ardhi. Eneo lilikuwa zaidi ya ekari 30,000 na halikuwa pori. Kulikuwa na vijiji, miongoni mwao Pond Beat na Mullins Flat, vya wakulima weusi ambao baadhi yao walimiliki mashamba yao wenyewe tangu vizazi vilivyofuata utumwa, jambo ambalo kusini ile halikuwa dogo. Zaidi ya familia 500 zilihamishwa, wengi wao weusi. Makanisa, maduka na shule zikaondoka. Makaburi yakabaki, na hadi leo yamo ndani ya uzio wa jeshi.

Njia nyepesi ni kuifanya hii kuwa "gharama": toa vitufe viwili, endelea. Nilijaribu kwa jioni moja nikaona watu wanalipa bila kuangalia walicholipia, kama nauli ya daladala. Sasa nimefanya hivi: nyumba ndogo za mbao zinapangwa juu ya ubao tangu mwanzo wa mchezo, kila mji na zake. Zinakaa pale duru zote za mwanzo, wachezaji wanazizoea, wengine wanazipanga vizuri mistari mistari wakati wanasubiri zamu. Mji ukishinda kiwanda, mchezaji mwenyewe anaziokota moja moja kwa mkono wake na kuzirudisha kwenye boksi. Halipi kitu. Haruhusiwi kuzikusanya kwa kiganja kimoja. Vipande vya makaburi ni vyeusi, vimegandishwa kwenye ubao, havitoki.

Mara ya kwanza tulipoijaribu, mshindi alikuwa anacheka na kupigana viganja na wenzake, halafu nikamwambia aanze kuokota. Aliokota kama tatu hivi akauliza, "Na hawa wanakwenda wapi?" Nikamwambia kanuni haisemi. Akanuna kidogo, akaendelea.

Kanuni inabaki hivyohivyo.

Aprili, katikati

Mzee wa mtaa wetu hapa Morogoro, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha umma mpaka kilipofungwa, alikuja kutazama. Hakucheza duru ya kwanza. Alikunywa chai, akaangalia vijana wanavyogombania kadi za kamati, na mmoja alipotangazwa mshindi kwa sababu kapata kiwanda, akasema:

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, Mzee. Buluu kashinda."

"Mwanangu, kiwanda kuja siyo shida. Shida kikae. Mimi ufunguzi niliuona, ngoma, mkasi, mheshimiwa kaja na msafara. Siku ya kufunga hakuja mtu."

Nusu ya pili ya mchezo nilikuwa nayo kwenye daftari lakini nilikuwa nasitasita, nikidhani watu watachoka. Baada ya kauli hiyo nimeiingiza yote na nimehamishia uzito huko.

Maana historia inamuunga mkono Mzee. Kiwanda cha Huntsville kilitengeneza gesi ya haradali na sumu nyingine, pamoja na silaha za moshi na za kuchoma. Gesi yenyewe haikutumika vitani. Vita vikaisha 1945 na sababu ya kiwanda ikaisha navyo. Wafanyakazi wakarudishwa makwao. Majengo yakawa yanakodishwa kwa yeyote anayetaka. Kampuni moja ya magari, Keller, iliingia humo ikitaka kutengeneza gari dogo la bei nafuu, ikaunda magari machache, hayakufika ishirini, mwenyewe George Keller akafariki Oktoba 1949 na ndoto ikafia hapo. Nimempa Keller kadi yake. Anayeivuta anapata matumaini kwa zamu mbili kisha anairudisha. Vijana wanaichukia kadi hii kuliko zote.

Mwaka 1949 jeshi likatangaza eneo la kemikali linauzwa.

Kwenye mchezo, hali hii imekuwa hivi: kadi ya kiwanda ina upande wa nyuma, wa kijivu. Amani ikitangazwa, inageuzwa. Majengo yapo, vitufe vya ajira vinaondoka. Na nyumba haziwezi kurudishwa ubaoni, maana ardhi ni ya serikali.

Aprili, mwisho

Hapa ndipo patamu, au pachungu, inategemea umekalia mji gani.

Jeshi la anga lilikuwa linatafuta mahali pa kujenga kituo kikubwa cha kujaribia injini na ndege kwa mahandaki ya upepo, yaani njia kubwa za kupitishia upepo mkali juu ya kinachopimwa. Bunge liliidhinisha dola milioni 100 mwezi Oktoba 1949. Huntsville walikuwa na ardhi, umeme, maji, na majengo matupu. Sparkman, ambaye tangu 1946 alikuwa seneta, aliupigania mradi huo uje kwao. Ukienda kwa vigezo vya eneo peke yake, mji wa buluu una mkono mzuri sana.

Kituo kikaenda Tullahoma, jimbo la Tennessee, ng'ambo tu ya mpaka, kwenye iliyokuwa kambi ya jeshi ya Camp Forrest. Seneta wa Tennessee alikuwa Kenneth McKellar, ndani ya Seneti tangu 1917, na mwaka ule ndiye mwenyekiti wa kamati ya matumizi, yaani fedha zote zinapita kwenye meza yake. Rais Truman alikwenda kukizindua Juni 1951.

Kadi ya McKellar ndiyo kadi kali kuliko zote mchezoni na nimegoma kuipunguza makali. Ukiwa nayo, unaweza kuuchukua mradi mmoja wa mji wowote bila kulinganisha pointi za eneo. Mara moja tu. Masharti yake: uwe umemweka seneta mmoja kitini tangu duru ya kwanza bila kumbadilisha, na usiwe umetumia miaka yake kwa kitu kingine. Wachezaji wengi hawana subira hiyo. Jana aliyekuwa nayo alikuwa mji wa njano, ambao mchezo mzima ulionekana umelala. Duru nzima watu walimcheka kwamba anacheza kama mtu anayesubiri basi la usiku. Alipoiteremsha mezani, mji wa buluu alisimama, akazunguka kiti chake, akarudi kukaa.

"Lakini eneo langu ni bora!"

"Ni bora kweli, Mheshimiwa," njano akamjibu, na kuvuta kadi.

Kuna mchezaji amenishauri niweke kadi ya kumzuia, kama rufaa au maandamano. Sikubali. Kigezo cha eneo kinaamua tu pale ambapo wenye viti wamelingana nguvu au hawajali. Hilo nimeliona kwenye kisa hiki toka mwanzo hadi mwisho, na mchezo ukilificha utakuwa unadanganya kwa adabu.

Mei, wiki ya kwanza

Duru ya mwisho ilinipa shida ya kibuni, siyo ya historia. Historia iko wazi. Huko Fort Bliss, Texas, jeshi la nchi kavu lilikuwa na kundi la wahandisi wa Kijerumani zaidi ya mia, wakiongozwa na Wernher von Braun, waliochukuliwa baada ya vita kwa ajili ya ujuzi wao wa roketi. Walikuwa wamebanwa, hakuna nafasi ya kupanuka. Kanali Holger Toftoy, aliyesimamia roketi za jeshi, alikuwa anatafuta mahali. Mwaka 1949 akafika Huntsville, akakuta Redstone na kiwanda cha kemikali vimekaa sambamba, majengo matupu, umeme, mto, na seneta ambaye ndio kwanza kanyang'anywa tonge mdomoni. Uhamisho uliidhinishwa Oktoba 1949, na kufikia 1950 familia za Wajerumani zilikuwa zinahamia kwenye mji wa pamba.

Vyote vilivyoonekana hasara vikawa ndiyo sababu. Majengo yangeuzwa mapema, pasingekuwa na pa kuwaweka. Na lile handaki la upepo lingejengwa pale, sidhani kama ardhi ile ingebaki wazi kwa roketi, ingawa hilo ni mawazo yangu.

Shida ni kwamba mchezoni, zawadi inayomwangukia aliyeshindwa inaonekana kama huruma ya mbunifu. Watu wa buluu wangeingojea tu. Kwa hiyo roketi hazina mwenyewe. Zinakwenda kwa mji wowote wenye kadi ya kiwanda upande wa kijivu, bwawa angalau moja, na seneta ambaye hana mradi mwingine anaoupigania wakati huo. Mji uliouza majengo yake kwa hofu haupati. Mji uliofanikiwa kumpata McKellar nao haupati, kwa sababu mikono yake imejaa.

Kwa mpangilio huu, kati ya majaribio ya hivi karibuni, kuna wakati roketi hazikwenda popote. Kila mtu alikuwa ameuza. Tukaachia hapo, na ubishi uliendelea hadi watu wanavaa viatu.

Kadi ya roketi haionyeshi thamani yake. Hili tumelijadili sana. Sensa ya 1950 iliipa Huntsville watu 16,437, ya 1960 ikawapa 72,365; roketi ya Redstone ilirushwa kwa mara ya kwanza 1953, na mwaka 1960 shirika la anga la NASA lilifungua pale kituo cha Marshall, ambako roketi za kwenda mwezini zilisanifiwa. Ukiandika hayo kwenye kadi, kila mtu ataacha yote na kuikimbilia. Mwaka 1949 hakuna diwani wala mfanyabiashara wa Huntsville aliyekuwa na kadi yenye maandishi hayo. Waliona ajira mia kadhaa na wageni wanaozungumza Kijerumani. Kwa hiyo mchezo unakoma 1950, na thamani imo ndani ya bahasha inayofunguliwa baada ya pointi kuhesabiwa. Asiyetaka kuifungua asifungue.

Mei, wiki ya tatu

Mzee amecheza mara mbili sasa, anapendelea mji wa njano. Amependekeza kwamba mchezaji anayegeuziwa kiwanda upande wa kijivu alazimike kutoa hotuba fupi kwa wafanyakazi wake kabla ya kuondoa vitufe vya ajira. Nimelikubali hilo bila kubadilisha neno. Kanuni inasema sekunde thelathini, na mezani lazima mtu mwingine aulize swali moja. Maswali hadi sasa ni yaleyale: mafao lini, na nyumba za kiwanda tunahama au tunabaki.

Nimeondoa duru ya vita yenyewe. Ilikuwa inachukua karibu nusu saa na hakuna uamuzi wa maana ndani yake, kiwanda kinazalisha tu. Sasa ni kadi moja inayosomwa kwa sauti, kisha amani inatangazwa. Mchezo umeshuka hadi chini ya saa mbili.

Kilichobaki: sare. Miji miwili ikilingana pointi mwishoni, nilikuwa nimempa ushindi mwenye wakazi wengi. Nimelifuta. Sare inavunjwa na mwenye nyumba nyingi zaidi zilizosalia ubaoni, kwa hiyo upo uwezekano kwamba mji ambao haukupata kiwanda chochote unashinda. Mji wa kijani ameshajaribu kuucheza hivyo makusudi na amekosa kwa pointi moja. Faili za kuchapa ziko kwa mtu wa fotokopi. Ubao utakuwa wa karatasi ngumu badala ya manila, na kadi ya watercress imebaki na sifuri yake.